Hata trauti alihamia

Wasee, nilipoacha chuo nikatoka Nyeri kuja kwa shosho hapa Machakos, nilibeba nguo chache na ndoano zangu za manyoya, zile nilikuwa natupia trauti mto Gura. Wazee wa bwawa la Maruba walinicheka tu. Trauti anataka maji baridi ya mlimani. Huku jua ni kali, samaki ni tilapia.

Lakini hii stori iko na upande mwingine. Hata Gura, trauti si mwenyeji. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alimleta kutoka Loch Leven, Scotland, akamweka mto huo wa Aberdare. Baadaye wakaletwa wengine kutoka Afrika Kusini. Walowezi walitaka mito yetu ifanane na ya kwao, ndio wavue kama nyumbani. Wenye mto hawakuulizwa.

Nami nilifika Maruba nikilalamika kwamba maji si kama ya Nyeri. Si ni tabia ileile ya Grogan? Sasa manyoya yako kwa begi. Nimenunua ndoano za kawaida, nachimba minyoo, nawauliza wale wazee samaki hula saa ngapi. Jana nilishika tilapia mmoja, mdogo. Shosho alimkaanga bila kucheka.