Mpini, Msuka na Noleo: Historia ya Kushikiza Visu katika Njia za Ziwa Tanganyika

Richard Burton na John Speke walifika kwenye Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858. Miezi miwili baadaye waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapitia Ubwari, wakaendelea hadi Uvira. Burton alidhani kuwa Ubwari ni kisiwa. Kumbe ni rasi, na maji yanayoitenga na Baraka ndiyo ghuba iliyopewa jina lake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliieleza Uvira kuwa soko kuu la kaskazini mwa ziwa, mahali pa kupata watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Ubwari, basi, ulikuwa katika njia ya mitumbwi iliyobeba chuma.

Wanahistoria wamezoea kuufuata ubapa wa kisu: ulifuliwa wapi, na uliuzwa kwa nini. Mpini hausemwi sana. Hata hivyo, kisu kisicho na mpini imara si chombo cha kazi. Kilishikizwa kwa nini?

Msomaji wa leo atajibu upesi: kwa gundi. Lugha yenyewe inajibu vingine. Kiswahili kina neno msuka, yaani ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na neno noleo, ambalo kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inalieleza kuwa ni pete ya chuma inayozunguka mpini pale chuma kinapoingia. Katika msamiati huu gundi haimo. Ulimbo, neno la kale la utomvu unaonata, limejulikana zaidi kwa kunasia ndege. Na neno gundi limetoka Bara Hindi.

Ukosefu huo si dalili ya ufundi duni. Msuka uliopashwa moto husukumwa kidogo kidogo katika tundu la mpini, ukaunguza njia inayolingana na umbo lake. Moto ukizidi, tundu hupanuka na kisu hulegea. Ukipungua, mti hupasuka. Noleo huzuia mpasuko huo, na ngozi mbichi ikifungwa juu yake hujikaza inapokauka. Kwa watu wa ziwani njia hii ilikuwa na maana ya pekee. Mti huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, lakini chuma hakifuati mwendo huo. Gundi ya ngozi au mifupa huyeyuka majini, na utomvu mkavu huvunjika upesi usipochanganywa na unga wa mkaa au majivu.

Kwingineko mafundi walichagua kunatisha. Nchini India mipini ya panga za vita ilijazwa lakiri iliyoyeyushwa, na fundi aliyetaka kuung'oa mpini aliupasha moto tena. Gundi za kisasa za epoksi zilivumbuliwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1946 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilianza kuuza ya kwake kwa jina la Araldite. Gundi hizo hustahimili maji na hujaza nafasi iliyobaki kati ya mti na chuma, ijapokuwa joto kali huzilainisha. Lakini kile kilichonatishwa nazo hakiachani kwa urahisi.

Hapo ndipo tofauti ya msingi inapoonekana. Mpini ulioshikizwa kwa moto na pete ulifanywa ili uweze kubadilishwa. Ubapa wa chuma cha thamani uliishi zaidi ya mipini kadhaa. Gundi ya kiwandani inavifanya viwili hivyo kuwa kitu kimoja, vidumu pamoja na vife pamoja.

Kwa hiyo, maneno msuka na noleo yanastahili kuhifadhiwa kama ushahidi wa historia. Yakisahauliwa, mwanafunzi atakayekiona kisu cha kale katika jumba la makumbusho atadhani kuwa kimepungukiwa na gundi, hali fundi wake alikwisha kuchagua.