Bahari Isiyo na Maji: Siku za Mwisho za Msafara katika Ugogo

Watu wa visiwani wanazijua siku za mwisho za safari ndefu ya chombo. Nchi haijaonekana bado, lakini abiria wameshaanza kuhesabu vitu vyao, kukumbushana madeni na kuitoa nguo safi iliyowekwa tangu siku ya kung'oa nanga. Katika karne ya 19 siku za namna hii zilikuwako pia mbali sana na bahari, katika nyanda kavu za Ugogo, ambako leo umesimama mji wa Dodoma. Tofauti ni kwamba abiria wa huko hawakupanda chombo. Walitembea kwa miguu, na aghalabu mizigo ilikuwa juu ya vichwa na mabega yao.

Msafara uliotoka Ujiji na Tabora kwenda pwani ulipita kwanza Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukavu wake, ndipo ukaingia Ugogo. Urefu wa safari ile hupimika kwa mfano mmoja. Richard Burton na John Speke, wakiongozana na Sidi Mubarak Bombay, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Tabora mwezi Novemba, baada ya siku 134. Kurudi kwao nako kulichukua zaidi ya miezi minne, hadi walipoiona bahari tena Kunduchi mwezi Februari 1859. Mpagazi aliyechukua frasila mbili za pembe, yaani kilo thelathini na zaidi, alikwenda mwendo huo huo hatua kwa hatua.

Ugogo ni nchi ya mibuyu, mtama na uwele, yenye masika moja tu kwa mwaka. Maji yake yalikuwa na wenyewe, kwani visima havikujichimba. Watemi wa Kigogo walidai hongo kwa kila msafara uliopita: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Wafanyabiashara wa pwani waliilalamikia sana hongo hiyo, na wageni wa Kizungu wakaiandika kama unyang'anyi. Lakini bandarini Unguja nako bidhaa hazikushuka bila ushuru wa forodha, na hapana aliyeuita ushuru ule ushenzi. Ugogo ilikuwa bandari ya nchi kavu, na merikani iliyosafiri kutoka Marekani kuvuka bahari kuu ilikuja kulipia maji chini ya mbuyu.

Baada ya kulipa, kulibaki mlango mmoja mgumu: Marenga Mkali, kipande cha mwendo kama kilomita hamsini kati ya Ugogo na Mpwapwa, kisichokuwa na maji ya kutegemea. Hapo msafara ulitirikeza. Watu walipika mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likiwa bado kali, wakalala njiani bila maji, na alfajiri wakaendelea. Kwa Kigogo, malenga ni maji. Mpenzi wa mashairi atalisikia neno hilo kwa namna yake, lakini kwa abiria wa siku zile lilikuwa neno la kiu tu. Aliyevuka Marenga Mkali alijiona ameshafika nusu ya pwani, ingawa milima ya Usagara ilikuwa mbele yake.

Hao abiria walikuwa akina nani? Wengi walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, watu wenye ujuzi na fahari ya kazi yao, na baadhi yao walifuatana na wake na watoto. Pamoja nao walikuwamo mateka. Ni kweli kwamba njia hii ya kati ilijulikana zaidi kwa pembe, na kwamba watumwa wengi zaidi walishukia Kilwa. Hata hivyo hapakuwa na njia iliyotakasika. Ndiyo maana jina la Bagamoyo lina masimulizi mawili hadi leo: kwa mmoja ni mahali pa kubwaga moyo, yaani kupumzika, kwa mwingine ni mahali pa kuuacha moyo, kwa kuwa nyumbani hakutaonekana tena. Msafara mmoja uliweza kuzibeba maana zote mbili. Siku zilizompunguzia mpagazi mzigo zilimwongezea mateka hofu, kwani kwake pwani haikuwa mwisho wa safari.

Abiria wa ajabu kuliko wote katika njia hiyo alikuwa maiti. David Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili kwa chumvi wakaubeba. Karibu na Tabora walishauriwa wauzike hapo, wakakataa. Huko Kasekera, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao, waliufunga upya ufanane na mtumba wa kawaida, na kwa sura hiyo ukasafiri hadi pwani. Katika safari hiyo binti mdogo, mwenye mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka akafa. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ukapelekwa Unguja, kisha London, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili, na miongoni mwa waliobeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri nao. Wengine walilipwa ujira wao pwani, wakatawanyika. Dunia ikalikumbuka jeneza. Mabega yaliyolifikisha yakasahauliwa upesi.

Reli ya Wajerumani iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na misafara ya njia ya kati ikatoweka. Tangu 2024 treni ya umeme huenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne. Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na idodomya, mahali alipozama tembo aliyekuja kunywa maji. Katika nchi iliyopitiwa na pembe nyingi kiasi kile, ni haki kwamba tembo amekumbukwa kwa jina la mji. Waliozibeba pembe zake wanangoja ukumbusho wao.