Karafuu na Skuli: Nani Alilipia Elimu ya Zanzibar?

Nchi ya visiwa ina sifa moja imfaayo mwanafunzi wa historia, nayo ni kwamba hesabu zake huonekana upesi. Katika nchi kubwa ya bara ni vigumu kujua fedha iliyojenga skuli fulani ilitoka katika shamba gani. Lakini Zanzibar, ambako Unguja haifiki kilomita za mraba 1,700 na Pemba haifiki 1,000, karibu kila kilichouzwa nje na kila kilichonunuliwa kilipita bandarini na kuandikwa katika daftari la forodha. Tena kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja kilichouzwa kilikuwa hasa kitu kimoja, yaani karafuu. Kwa hiyo historia ya elimu ya umma katika visiwa hivyo ni historia ya karafuu pia, na mtu atakaye kujua kwa nini skuli zilifunguliwa, zikakataliwa, zikajaa, kisha zikadhoofika, hana budi kuutazama mkarafuu. Wala habari hiyo si ya watu wa visiwani peke yao. Msomaji wa Ihanda, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, akaaye katika nchi ya mibuni mbali na bahari, atakuta humo mambo anayoyajua.

Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati, aliwahimiza watu wake waipande. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ikawa ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu zote. Ulinzi wa Waingereza ulianza mwaka 1890, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897, lakini mti ulibaki pale pale. Uliokuwa msingi wa mali ya mabwana ukawa pia msingi wa hazina ya serikali, kwa njia ya ushuru.

Elimu ilikuwapo kabla ya hazina hiyo kuijali. Mitaani na vijijani mlikuwa na vyuo vya Kurani, na mwalimu aliishi kwa ada ndogo na zawadi za wazee wa watoto. Wanavyuoni wa mjini walisomesha misikitini na majumbani mwao. Wamisionari wa UMCA walikuwa na skuli yao Kiungani, iliyoanza kwa vijana waliokombolewa katika utumwa, na jamii za Wahindi nazo zilijitafutia skuli zao. Katika skuli hizo zote mlipaji alijulikana, na kwa kuwa alijulikana, hapakuwa na shaka juu ya jambo alilolitaka.

Mwaka 1907 serikali iliweka Idara ya Elimu chini ya uongozi wa S. Rivers-Smith. Kabla yake kidogo Sultani Ali bin Hamoud alikuwa amekwisha kumleta mwalimu kutoka Misri. Skuli za serikali zilifunguliwa mjini na mashamba, lakini kwa miaka mingi nyingi hazikupata watoto wa kutosha. Sababu ya kwanza ilikuwa dini. Wazee waliogopa kwamba mtoto atakayekwenda skuli atakikosa chuo, tena hati za Kizungu zilizotumika humo hazikuwa zile ambazo kwazo Kurani husomwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mafunzo ya Kurani yalipoingizwa katika skuli za serikali, hofu hiyo ilipungua na wanafunzi wakaongezeka.

Sababu ya pili haikutajwa sana, nayo ilikuwa ya uchumi. Serikali ilipenda skuli za mashamba zifundishe kilimo, ili mtoto wa mkulima arudi shambani akiwa mkulima bora. Wazee hawakuiona faida yake. Mwenye mikarafuu aliijua kazi yake bila ya skuli: karafuu huchumwa kabla ya kuchanua, hutengwa na makonyo, huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadha, kisha hupimwa kwa frasila. Msimu wa kuchuma huhitaji mikono mingi kwa muda mfupi, na mikono ya watoto ilihesabiwa humo. Isitoshe, mkarafuu hauna ahadi ya kutegemewa, maana mwaka huu huzaa sana na mwaka wa pili huenda usizae chochote cha maana. Mzazi aliyekubali kuikosa mikono ya mtoto wake alitaka apate badala yake kitu ambacho shamba haliwezi kutoa. Kitu hicho kilikuwa mshahara wa mwezi. Mshahara wa karani au wa mwalimu haukupanda na kushuka pamoja na bei ya karafuu. Watawala waliwalaumu wazee kwamba wanadharau jembe, kumbe walikuwa wakifanya hesabu iliyo sahihi.

Usahihi wake ulithibitika baada ya mwaka 1929, biashara ya dunia ilipoharibika na bei ya karafuu ikaanguka. Wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, kilipewa na serikali mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na wa India wakagoma kununua, mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Wakati wa misukosuko hiyo, mwenye kazi ya serikali alikuwa na uhakika wa chakula chake kuliko mwenye miti mia. Ilipofunguliwa skuli ya sekondari ya serikali mjini mwaka 1935, nafasi zake zilikuwa chache, na mtoto wa Pemba aliyezitaka alipaswa kuvuka bahari. Hivyo kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu kilikuwa mbali zaidi na matunda yake.

Hata hivyo skuli hizo chache zilitoa bidhaa moja ambayo haikuwamo katika daftari la forodha. Walimu wa Unguja walianza mwaka 1927 kuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Kiswahili kilichosomwa baadaye darasani mpaka mpakani mwa Zambia kilijengwa juu ya lugha ya kisiwa hicho. Hakuna aliyekitoza ushuru, wala bei yake haikuanguka.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili swali la nani asome. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure kwa watoto wote bila ya ubaguzi, na siku hiyo imeendelea kuadhimishwa Zanzibar. Skuli zilizokuwa za jamii mbalimbali zikawa za umma, na watoto ambao wazee wao hawakupata kuingia darasani wakaketi humo. Hapana shaka kwamba lilikuwa jambo kubwa la haki.

Lakini neno bure lina pande mbili. Asiyelipa ni mzazi mlangoni mwa skuli, walakini mwalimu hulipwa, na dawati hununuliwa. Baada ya mapinduzi serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa karafuu, na Shirika la Biashara la Taifa likaishika biashara hiyo. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, na mkulima akapewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti ilibaki serikalini, na katika fungu hilo zilitoka fedha za skuli, hospitali na majumba. Aliyejaribu kuipeleka karafuu Kenya kwa magendo aliadhibiwa vikali. Kwa hiyo mkulima wa Pemba aliilipia elimu ya mwanawe, na ya watoto wa mjini pia, ila malipo yake hayakuitwa ada. Yaliandikwa katika bei.

Mpango huo uliweza kudumu maadamu bei ilikuwa juu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara, na Indonesia ilikuwa ikipanda mikarafuu yake yenyewe. Katika miaka ya 1980 ilijitosheleza, na bei ikaporomoka. Hazina ya Zanzibar ikapungukiwa, na wazazi wakaombwa michango. Yaani ada ilirudi kwa jina jingine. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuiondoa michango hiyo katika elimu ya msingi. Wakati huo utalii ulikuwa umekwisha kuipita karafuu katika kuleta fedha za kigeni, na wanawake wa pwani walikuwa wakilima mwani wa biashara tangu mwaka 1989. Watu nao waliongezeka: hesabu ya mwaka 1958 iliwakuta wapatao 299,000, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 1,889,773. Hakuna mti uwezao kuzaa kwa kadiri hiyo.

Kwa msomaji wa Ihanda kuna jambo la kulinganisha. Mbozi si kisiwa. Mbali na kahawa kuna mahindi na maharage, na biashara ya mpakani Tunduma haiko mbali, kwa hiyo bei ya zao moja ikianguka nyumba haikosi pa kushika. Hata hivyo mwendo wa shule za bara umefanana na ule wa visiwani. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 1973, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto apate nafasi, ada zikarudi katika shida za miaka ya 1980, zikaondolewa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Kila mara ahadi ilitolewa kwa miaka mingi, na fedha zikategemea mambo ya msimu.

Hilo halimaanishi kwamba ahadi haikustahili kutolewa. Maelfu waliosoma baada ya mwaka 1964 wangebaki nje kama serikali ingengoja mpaka hesabu zake zitimie, na elimu waliyoipata haikuwatoka karafuu ilipokosa soko. Yapasa tu kila inapotangazwa elimu bure jina la mlipaji liandikwe waziwazi, ili naye, awe mchumaji wa Pemba au mwenye mibuni Mbozi, aulizwe anataka mtoto wake afundishwe nini.