Gari la sinema lilipokuwa linarudi rivasi

Nimepotea kidogo, kazi za gazeti zimebana. Mwezi uliopita nilitumwa Handeni kuandika semina ya wakulima wa mahindi, na kilichonirudisha hapa si mahindi, ni projekta.

Ilikuwa projekta ndogo ya kubeba kwenye begi, lenzi yake haina zumu. Waya wa umeme mfupi, meza haisogei mbele, picha ikawa kubwa kuliko kitambaa. Safu ya mwisho ya jedwali, ile ya bei, ikaangukia dirishani. Watu wametoka vijijini kufuata bei, na bei iko dirishani! Mzee mmoja nyuma yangu akacheka: "Mjukuu wangu, zamani gari la sinema picha ikizidi, dereva anarudi rivasi taratibu kuisogelea shuka, mpaka ienee."

Maneno yale yalinikaa kichwani njia nzima hadi Korogwe. Maana ukiwa Korogwe ukiinua macho kwenye milima ya Usambara, huko juu kuna Vugiri, na Vugiri ndiko sinema ya aina hiyo ilikotengenezwa kati ya 1935 na 1937. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi wake wakuu walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham. Walipiga filamu kama 35 wakitumia waigizaji Waafrika: safura, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba posta. Waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka. Dharau, lakini mitambo yao inastahili kuangaliwa.

Filamu zilikuwa za milimita 16, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri. Hilo lilikuwa na akili: filamu ni ileile, lugha unabadilisha sahani. Lori likabeba projekta, santuri, jenereta na kitambaa, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sasa hesabu kidogo, msinikimbie. Picha moja ya filamu ya milimita 16 ina upana wa karibu milimita 10. Lenzi iliyozoeleka kwa projekta hizo ilikuwa ya milimita 50. Kwa hiyo kila mita 5 unazorudi nyuma, picha inaongezeka upana wa mita 1 hivi. Ukitaka picha ya mita 3, simama mita 15 kutoka kwenye kitambaa. Kuna mti, mtaro au ukuta wa kanisa hapo? Shauri lako. Lenzi haibadiliki, kwa hiyo kinachobadilika ni mahali pa projekta. Zumu ya mzee wangu wa Handeni ilikuwa giaboksi!

Mtu atauliza, zumu haikuwapo? Ilikuwapo. Mmarekani Clile Allen alipata hataza yake 1902, na mwaka 1932 Bell & Howell walikuwa wakiuza Varo, ya milimita 40 hadi 120, lakini kwa kamera. Tatizo ni mwanga. Ndani ya zumu kundi moja la vioo linasogea kubadili ukubwa wa picha, jingine linasogea ili picha isiingie ukungu, na kila uso wa kioo kitupu unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Lenzi ya mtindo wa Petzval, uliobuniwa 1840 na kutumika kwenye projekta kwa miongo mingi, ina nyuso 6 zinazogusa hewa. Inapitisha kama asilimia 78. Zumu yenye nyuso 20 inapitisha 44. Kwa taa inayotegemea jenereta ya porini, nani angekubali hasara hiyo?

Dawa ilipatikana mwaka uleule wa Vugiri. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss, Ujerumani, alibuni utando mwembamba wa kupunguza mng'ao kwenye kioo. Utando huo ndio uliokuja kuifanya zumu ya vioo vingi ivumilike.

Kuifanya iwe ndogo ni shughuli nyingine. Projekta nyingi za LCD zina prizimu ya kuunganisha rangi tatu nyuma ya lenzi, kwa hiyo lenzi lazima ikae mbali kidogo na paneli, na hapo hapo itoe picha kubwa kutoka karibu. Wabunifu huanza mbele na kundi la vioo linalotawanya mwanga, kisha wanabana yaliyobaki. Matokeo yake zumu nyingi za bei nafuu ni mara 1.2 tu: picha ya mita 2 inafika mita 2.4. Ni kidogo, ila pale Handeni ingetosha kabisa kuirudisha ile safu ya bei kwenye kitambaa.

Mradi wa Vugiri ulikufa 1937, serikali za kikoloni zilipokataa kuugharamia. Filamu zilizobaki ni chache, mojawapo ya safura na nyingine ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro, nazo ziko Uingereza.

Pale stendi ya Korogwe nilimuuliza kijana wa bodaboda kama anajua Vugiri palitengenezwa sinema. Akasema, "Vugiri? Bro, labda chai." Mdau mwenye babu au bibi aliyeigiza kule, tafadhali aniandikie. Nataka kupanda huko kabla ya mvua.