Visa ya Kutembea Ukitoka Homa Bay: Swali ni Moja Tu, Utarudi?

Omera, wacha nikushow ukweli mapema ndio usinikasirikie ukifika mwisho. Visa ya utalii haipewi msee ako na doo mingi zaidi. Inapewa msee ameonyesha atarudi. Hizo karatasi zote unaskia watu wakilia nazo, stetimenti, barua, picha, zinajibu swali moja: ukimaliza kutembea utarudi Homa Bay, ama utapotelea huko?

Na hapo ndio sisi wa kando ya ziwa huwa tunachomeka. Maisha tuko nayo, lakini haijaandikwa popote. Pesa ya omena inaingia keshi asubuhi, jioni imetoka keshi. Shamba bado iko kwa jina la babu na babu alituacha kitambo. Kazi ulipewa na mjomba, hakuna barua. Afisa wa ubalozi hajawahi fika Mbita na hajui duka yako ya Makongeni. Anajua tu kile kiko mbele yake kwa meza.

Lakini usijione mshamba kwa hiyo foleni. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, ni mmoja wa wale walipanga ndege ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka huo huo babake Barack Obama, ambaye familia yake ilitoka pande za Kendu Bay, alienda kusoma Hawaii. Watu wa huku wamevuka kitambo. Wewe jipange tu, na hivi ndio unajipanga.

1. Anza na pasi

Unaomba kupitia eCitizen. Ya kurasa 34 ni KSh 7,550. Alama za vidole na picha unaeza enda kufanyia Kisumu au Kisii, si lazima ukimbilie Nyayo House.

Cheki majina kabla ulipe. Kama cheti ya kuzaliwa inasema Otieno, kitambulisho inasema Ochieng' na cheti ya shule ina jina la kanisa peke yake, sorti hiyo kitu kwanza. Huku kwetu kila msee ako na majina tatu nne na sisi hatuoni shida. Afisa yeye ataona watu watatu tofauti.

Kwa nchi za Schengen, pasi lazima iwe ilitolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 wazi, na ibaki na miezi 3 baada ya siku utatoka kwao.

2. Jua unaomba wapi

Schengen ni nchi 29 zinatumia visa moja. Unaomba kwa ubalozi wa ile nchi utakaa siku nyingi zaidi. Kama siku ziko sawa, ni ile utaingia kwanza. Usiombe kwa nchi A ju uliskia "wako rahisi" na hoteli zako zote ziko nchi B. Hiyo inaonekana haraka sana.

Balozi nyingi hazipokei karatasi zenyewe. Unapeleka kwa kituo cha visa Nairobi, unapigwa picha na alama za vidole, unaenda zako. Wale wa kituo hawaamui kitu. Akikuambia "yako imekaa fiti, utapata", hiyo ni salamu tu.

Marekani ni tofauti. Unajaza fomu ya DS-160 mtandaoni, unalipa, unabuki siku, unaenda intavyu ubalozini Gigiri. Hiyo fomu inauliza pia akaunti za mitandao umetumia miaka 5 iliyopita. Kwa hivyo ile TikTok yako ya "nikifika majuu sirudi, mtaniona kwa vidio" ifikirie tena.

3. Doo

- Schengen: yuro 90 tangu Juni 2024, yaani kama thao 13 au 14, halafu kituo kinaongeza yake ya huduma.
- Marekani: dola 185 tangu Juni 2023. Dola ikiwa karibu KSh 129, hiyo ni kama thao 24.
- Bima ya safari ya Schengen: lazima ifunike matibabu ya angalau yuro 30,000.

Weka pia nauli ya basi la usiku na mahali pa kulala Nairobi. Ukinyimwa, ada hairudi, hata bob. Ndio maana nasema usiombe ukiwa nusu tayari. Na tiketi ya ndege usilipe yote kabla ya visa, buking inatosha.

Ya Schengen unaeza omba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu huchukua hadi siku 15, na wakitaka kuchimba zaidi wanaeza fika 45. Usingoje wiki ya mwisho.

4. Geuza maisha yako iwe karatasi

Hii ndio sehemu kubwa, isome mara mbili.

Mimi nilinyimwa mara ya kwanza. Binamu alikuwa anaoa huko Ulaya, nikaona mambo ni rahisi, barua ya mwaliko si niko nayo. Account yangu ilikuwa na thao 6. Siku mbili kabla ya apointimenti nikakopa chama, nikaingiza laki moja na themanini kwa mpigo. Nilijiona mjanja. Jibu lilirudi na alama kwa kisanduku kimoja: kuna shaka kama nitatoka kwao visa ikiisha. Laki moja na themanini haikusema nitarudi. Ilisema tu nimekopa.

Afisa anaangalia mwendo wa pesa, si kilele. Thao 15 inayoingia kila mwezi kwa miezi 6 inaongea vizuri kuliko laki 2 iliyoanguka jana kutoka mbinguni. So anza mapema:

- Pitisha pesa kwa njia inayoandika. Ukiuza samaki, lipwa kwa M-Pesa ama peleka benki, hata kama ni kidogo. Stetimenti ya M-Pesa unaitoa mwenyewe kwa simu, ibebe pamoja na ya benki.
- Biashara iwe na jina. Sajili kupitia eCitizen, chukua leseni ya kaunti, uwe na PIN ya KRA na ripoti za kila mwaka. Kama uko kwa boti ama unauza ufuoni, omba barua ya kamati ya ufuo, ile BMU, ikisema wewe ni mwanachama tangu lini.
- Umeajiriwa? Barua iseme cheo, mshahara, umeanza lini, na likizo yako inaisha tarehe gani. Hiyo tarehe ya kurudi kazini ndio dhahabu.
- Shamba ya familia. Kama hati iko kwa jina la babu, beba nakala na barua ya chifu inayoeleza wewe ni nani hapo. Haina nguvu kama hati yako mwenyewe, lakini inashinda kukaa kimya.
- Watu wako. Mtoto, bibi, mzazi unayemtunza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za karo. Hizo ni kamba zinazokuvuta nyumbani.
- Mwenyeji wako. Kama kuna msee atakulipia, barua yake na stetimenti yake ziwe ndani. Lakini zake hazifuti zako. Yeye anaonyesha utakula nini huko, wewe unaonyesha kwa nini utarudi.

Kitu ingine: historia ya kusafiri inasaidia. Pasi tupu haiongei. Vuka Isebania uingie Tanzania na pasi, igongwe muhuri, rudi. Afrika Kusini Wakenya wanaingia bila visa hadi siku 90 tangu Januari 2023. Mtu ambaye ametoka akarudi mara tatu tayari amejibu nusu ya swali.

5. Intavyu

Ni fupi sana, mara nyingi dakika chache tu, umesimama kwa dirisha. Kwa sheria ya Marekani, kifungu 214(b), kila mtu anayeomba anachukuliwa kama anataka kuhamia mpaka aonyeshe vingine. Usichukulie kibinafsi, hata bosi anaanzia hapo.

Jibu ulichoulizwa, fupi. "Unaenda kufanya nini?" Harusi ya binamu, mji fulani, siku 10, narudi kazini tarehe fulani. Wachana na hotuba. Kama Kiingereza inakutoa jasho, uliza mapema kama kuna mkalimani. Majibu yafanane na fomu, ju fomu yako ako nayo hapo.

6. Kama uko nje tayari

Wasee wetu wengi wako Doha na Riyadh, na wengine wanataka kuomba visa wakiwa huko. Schengen inaruhusu, bora unaishi huko kihalali: unaomba kwa ubalozi ulio pale unakaa, na kibali chako cha ukaazi kiwe bado hai ukitoka Ulaya. Barua ya mwajiri ya kukuruhusu kusafiri nayo mara nyingi inaitishwa. Ukienda Dubai kutembea tu wiki moja, usitegemee kuombea huko. Marekani nayo, tangu Septemba 6, 2025, inataka ufanyie intavyu nchi yako ya uraia ama pale unaishi.

7. Broka

Kuna broka kila stage. Atakuambia thao 60 anakupea stetimenti safi, barua ya kazi, hata bibi wa karatasi. Manze, wacha. Benki inapigiwa simu. Ukipatikana Uingereza na karatasi feki unaeza fungiwa miaka 10. Marekani inaeza kuwa maisha. Kunyimwa visa unaeza omba tena, lakini uongo unabaki kwa faili yako na broka amehama stage.

8. Ukinyimwa

Lia siku moja, halafu soma barua. Schengen lazima wakupe sababu na njia ya kukata rufaa. Marekani kwa 214(b) hakuna rufaa, unaomba upya na unalipa upya. Usirudi na karatasi zile zile wiki ijayo. Rudi kama kuna kitu imebadilika.

Mimi nilikaa mwaka mmoja na nusu. Nikafungua account inayotembea, nikasajili hii kazi yangu ya kuandika, nikavuka Isebania mara mbili. Mara ya pili account ilikuwa na thao 94, nusu ya ile ya kukopa. Nikapewa siku 14. Harusi ilikuwa imepita kitambo, mtoto wa binamu tayari anatembea. Siku ya 13 nikapanda ndege, nikarudi dala.