Nyuma, Mbele au Ubavuni

Ngamiani, Tanga, mtu akishikwa na shingo haendi hospitali ya Bombo kwanza. Humwita mchuaji, apakwe mafuta na kunyooshwa, ikikaidi, huumikwa. Mchuaji huuliza, "Panauma wapi, mama?" na vidole vyake hufuata jibu. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huuliza jingine: "Vifungo unafunga mwenyewe?" Wa kwanza anatafuta msuli uliokakamaa, na kwa msuli kuchua kunasaidia kweli. Wa pili anatafuta ugwe wa uti wa mgongo uliobanwa, maana ugwe ukibanwa shingoni taabu hujitokeza mbali: vidole hufa ganzi, kikombe huponyoka, miguu huwa mizito.

Kinachobana huweza kuwa uvimbe ulioota kwenye neva yenyewe. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva, na uvimbe huu mara nyingi si saratani. Hukua taratibu kwa miaka. Aina moja, shwanoma, huzisukuma nyuzi za neva pembeni, hivyo aghalabu hubanduka. Aina nyingine, nyurofibroma, hupitiwa na nyuzi hizo katikati, na kuitoa yote huweza kuigharimu neva. Ugwe ukishabanwa, tiba ni kisu. Hapo hospitali nazo hazina kauli moja: kisu kipite wapi?

Njia kongwe ni ya nyuma. Tarehe 9 Juni 1887, mjini London, daktari Victor Horsley alimpasua mgonjwa ambaye daktari mwenzake William Gowers alikuwa amebaini mahali pa uvimbe wake. Ulikuwa mgongoni, si shingoni, lakini mtu aliyekuwa amepooza miguu akatembea tena. Wanaoifuata njia hiyo huondoa matao ya nyuma ya pingili, na wana hoja nzito: uvimbe mwingi huota kwenye mzizi wa hisia, ulio upande wa nyuma. Kasoro ni kwamba matao mengi yakiondolewa, shingo huweza kupinda kwenda mbele baadaye, hasa kwa watoto. Japani, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Hirabayashi alionyesha kuwa tao si lazima litupwe: hufunguliwa upande mmoja likaachwa limeshikilia upande wa pili. Wengine huondoa nusu tu ya tao, upande wenye uvimbe.

Njia ya mbele ilipata nguvu Marekani mwaka 1958, kwa maandishi ya Ralph Cloward, na ya Smith na Robinson. Wao walikuwa wakishughulikia diski za kati ya pingili, lakini waliofuata waliitumia kwa uvimbe ulio mbele ya ugwe. Koromeo na umio husogezwa kando, na ugwe hauvutwi. Gharama yake ni kubwa: mwili wa pingili huondolewa, hupandikizwa mfupa, hufungwa bamba na skrubu. Sauti huweza kukwaruza, na kumeza kukawa kwa shida.

Njia ya ubavuni iliendelezwa sana na daktari Bernard George wa Paris. Mpasuaji huanza kwa kuifunua ateri inayopanda ndani ya matundu ya pingili kwenda ubongoni. Akishaidhibiti, ndipo huugeukia uvimbe. Inafaa kwa uvimbe wenye umbo la kibuyu: sehemu moja ndani ya mfereji wa ugwe, kiuno kwenye tundu la neva, sehemu nyingine nje. Mwaka 1941 daktari Eden aliupanga uvimbe wa namna hiyo katika mafungu 4. Lakini ateri ile ikijeruhiwa, mgonjwa anaweza kupata kiharusi, na ustadi wa njia hii haupatikani kwa kupasua wagonjwa wawili watatu.

Kwa hali yetu, naipa ushindi njia ya nyuma yenye kuondoa nusu ya tao, chini ya hadubini. Mara nyingi haidai vyuma, na hilo ni kubwa kwa mgonjwa wa Tanga aliyetibiwa taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka kwake: skrubu ikilegea, nauli inaanza upya. Kibuyu kikubwa kitolewe kwa awamu, sehemu inayobana ugwe ikitangulia. Mbele na ubavuni zibaki kwa wachache ambao uvimbe wao haufikiki vinginevyo, mikononi mwa waliozizoea.

Hata hivyo, hakuna njia kati ya hizo inayorudisha kwa uhakika nguvu za ugwe uliobanwa muda mrefu. Kwa hiyo wachuaji wetu, ambao ndio wanaompokea mgonjwa kwanza, nawaomba jambo moja: mwenye maumivu ya shingo ambaye mkono umekufa ganzi au miguu inalegea, msimnyooshe shingo. Mpelekeni Bombo upesi, apate rufaa ya kipimo cha MRI.