Herrnhut: Mji wa Wakimbizi Uliotikisa Ngazi za Ulaya

Mwezi Juni 1722, seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza katika ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, huko Saxony, mashariki mwa Ujerumani ya leo. Waliohitaji makazi walikuwa wakimbizi wa dini kutoka Moravia, katika Jamhuri ya Czech ya leo. Wazee wao walifuata mafundisho ya mhubiri Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, na tangu 1457 walikuwa na kanisa lao, Umoja wa Ndugu. Waprotestanti waliposhindwa vitani mwaka 1620, watawala wa ukoo wa Habsburg waliwapa mawili: kurudi Ukatoliki au kuhama. Wengi walihama, na waliobaki walisali kwa siri kwa karne nzima.

Kukimbia pamoja hakukuwafanya kuwa wamoja. Walutheri na wafuasi wa madhehebu mengine walijiunga nao, na miaka mitano haikupita kabla mji wao, Herrnhut, haujajaa magomvi. Mwaka 1727 Zinzendorf aliwakutanisha, wakakubaliana kanuni za kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti walishiriki Chakula cha Bwana katika kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf na kupatana. Mwezi huohuo walianza kupokezana zamu za maombi, usiku na mchana, desturi iliyodumu zaidi ya miaka mia moja.

Upatanisho huo uligeuza maisha ya kila siku. Waumini waligawanywa kwa umri, jinsia na ndoa, wala si kwa ukoo au mali. Vijana wasio na ndoa waliishi katika nyumba zao za pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, wakifanya kazi na kuongozwa na wenzao. Mwaka 1730 Anna Nitschmann, binti wa familia ya wakimbizi, aliteuliwa kuwa mzee wa kanisa upande wa wanawake akiwa na miaka 14. Katika Ulaya ya wakati ule, ambapo msichana alitoka mikononi mwa baba na kuingia mikononi mwa mume, hilo lilikuwa jambo zito.

Uchumi nao uliambatana na imani. Kuanzia 1747 Abraham Dürninger aliendesha biashara iliyouza vitambaa vya kitani hadi ng'ambo, na faida ikasaidia jumuiya. Ufundi uliheshimiwa kama wito. Ndiyo maana wamisionari wa kwanza, waliotumwa mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann. Walikwenda kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika Karibiani, kuwahubiria watumwa.

Hapo ndipo usawa wa Herrnhut ulipogonga ukuta. Miaka michache baadaye misheni ilinunua shamba kisiwani pamoja na watumwa wake. Waliowaita ndugu ibadani waliwamiliki shambani, na sifa yoyote tunayoupa mji huu lazima ibebe ukweli huo. Hata makaburini Herrnhut, ambako mawe ya waumini yamelazwa sawasawa, makaburi ya ukoo wa Zinzendorf yameinuliwa katikati.

Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilo, lililokuja kuitwa la Moravian, walifika kusini mwa Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani, wakaanza kazi Rungwe. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa Ulaya kwa mbali sana, na mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Herrnhut katika Urithi wa Dunia. Historia hii ni yetu pia, na tuisome yote. Inafundisha kwamba imani inaweza kubadili kazi, nyumba na cheo cha mwanamke ndani ya kizazi kimoja. Inafundisha pia kwamba mageuzi yasiyogusa umiliki wa mtu juu ya mtu ni nusu ya mageuzi, hata yawe yameanzia kwenye maombi.